Nani Asubiri?

Stima ilirudi saa tatu kasoro usiku na mtaa mzima ukapiga ile kelele unayoijua. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimekalia kreti ya soda ndani ya kichumba cha bosi wangu, ghorofa ya chini, nikitazama seva moja iliyotakiwa kurudisha intaneti kwa nyumba karibu 400. Seva yenyewe haikuwa imezimika. Ilikuwa na betri yake, na vifaa vyetu vya kwenye paa pia vilikuwa na zao. Zilizozimika ni ruta za watu majumbani. Sasa zote zilikuwa zimeamka kwa dakika moja, na zote zilikuwa zinabisha mlango mmoja.

Hizo ni siku ambazo sikuwa nimeanza kuandika kwa malipo. Nilikuwa nimetoka chuoni bila cheti, nikapata kibarua kwa jamaa anayeuza intaneti mtaani. Kazi yangu ilikuwa kuvuta nyaya kutoka paa hadi paa, kupokea simu za watu waliokasirika, na usiku kama huo, kukaa na seva kama mtu anayekesha na mgonjwa.

Nikaiandikia amri: nionyeshe njia zote unazozijua. Ni amri ya kawaida, hujibiwa kabla hujatoa kidole kwenye kibodi. Ikaganda. Nikafungua dirisha jingine nione kama mashine imelemewa. Wapi! Prosesa yake ilikuwa na viini vinne, yaani wafanyakazi wanne wanaoweza kufanya kazi nne kwa wakati mmoja, na muda mwingi watatu kati yao walikuwa wamekaa tu. Nje kuna foleni ya nyumba 400, ndani wafanyakazi hawana la kufanya.

Na kuna kitu kilichonishangaza zaidi. Wale wachache waliokuwa na sola au betri nyumbani, ambao ruta zao hazikuzimika, walikuwa wanaendelea na filamu zao kama kawaida. Hawakujua hata kama kuna shida. Waliokuwa ndani walipita. Waliotaka kuingia walisubiri.

Ilichukua karibu nusu saa kila nyumba kurudi. Bosi alikuja na chai kwenye chupa, akanikuta nalaani. Akacheka. "Foleni ni foleni," akasema. "Angalau ni haki. Kila mtu anasubiri."

Nimetembea na hilo neno tangu usiku huo, kwa sababu foleni ni sehemu ya kilichonitoa chuoni, na sikuwahi kuona haki yake. Hapa najaribu kumjibu bosi.

*

Wacha kwanza nieleze ruta hufanya nini, maana swali langu liko humo humo.

Kila unachotuma kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya inakoenda. Ikifika kwenye ruta, kerneli, ambayo ndiyo moyo wa mfumo endeshi, huangalia kwenye jedwali la njia: anwani hii inatokea mlango upi? Kisha huisukuma huko. Hilo hufanyika maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Huko ni kusoma. Halafu mara moja moja kuna kubadilisha: nyumba mpya imeunganishwa, waya umekatika, jirani ametangaza njia nyingine. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari na intaneti ya Kenya ikaanza kujikokota? Siku kama hizo majedwali huandikwa upya kwenye ruta nyingi, pakiti zikapelekwa kwa njia za mzunguko.

Shida huja pale mmoja anaposoma huku mwenzake anabadilisha. Mfanyakazi wa kwanza amefungua jedwali, amefika katikati ya mstari. Wa pili anafuta mstari huo huo. Wa kwanza atasoma nini? Nusu ya zamani na nusu mpya, yaani anwani isiyokuwepo popote. Au atakanyaga mahali ambapo palikuwa na kitu, sasa hapana, na mashine nzima itaanguka naye.

Dawa ya shida hii ni ya zamani. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha njia ya kuhakikisha kwamba wengi wakigombea sehemu moja, anaingia mmoja tu kwa wakati. Tangu hapo waandishi wa programu wamekuwa na neno la kawaida sana kwa kitu hicho: kufuli. Ukitaka kuingia, chukua kufuli. Ukimaliza, liachie. Mwingine asubiri.

Linux ilipoanza kutumia prosesa zaidi ya moja, kwenye toleo la 2.0 la mwaka 1996, ilichagua jibu rahisi kuliko yote: kufuli moja kwa kerneli nzima. Likaitwa Kufuli Kubwa la Kerneli. Ndugu zao wa FreeBSD nao walikuwa na lao, wakaliita Giant, yaani Jitu. Ukitaka kuandika kwenye diski, chukua Jitu. Ukitaka kupeleka pakiti, chukua Jitu. Hata kama wewe na mwenzako mko vyumba tofauti na hamtagusana kamwe, mmoja wenu atasubiri koridoni.

Usiwacheke. Wakati huo kompyuta yenye prosesa mbili ilikuwa kitu cha nadra, na programu yote ilikuwa imeandikwa kwa imani kwamba iko peke yake duniani. Kufuli moja liliwawezesha kusema: leo itafanya kazi, polepole lakini bila kuanguka. Makufuli mengi tunayoyachukia yaliwekwa na mtu aliyekuwa anaogopa kwa sababu nzuri.

*

Sasa turudi kwenye foleni yangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu, muhula wa kwanza. Chuo sitakitaja. Ili ufanye mtihani ulihitaji kadi, na ili upate kadi ulihitaji muhuri wa ofisi moja kwamba umelipa karo. Dirisha moja, mama mmoja, muhuri mmoja. Mimi nilikuwa nimelipa. Shosho wangu aliuza mtamba kule Nyandarua, pesa zikaingia benki, risiti ninayo mkononi. Nilichohitaji ni mtu aangalie kwenye skrini yake aone kwamba zimefika. Aangalie tu. Lakini mbele yangu kulikuwa na aliyetaka kubadilisha kozi, aliyetaka kurudishiwa pesa, aliyekosewa jina, aliyekuwa anabishana kuhusu faini ya mwaka juzi. Kila mmoja wao alihitaji mama yule afungue faili, aandike, apige simu ghorofa ya juu, asubiri jibu. Nasi tuliotaka kuangaliwa tu tulisimama nyuma yao siku tatu.

Siku ya tatu, saa kumi, dirisha likafungwa. Mtihani ulianza kesho yake asubuhi. Nikakosa karatasi mbili, na kurudia karatasi kulikuwa na malipo yake.

Nisikudanganye: foleni peke yake haikunitoa chuoni. Nilikuwa nimeanza kuchoka tangu mwaka wa pili, na hata ningeipata kadi sijui kama ningemaliza. Lakini mwezi wa tatu mwaka jana, nilipofunga virago, sikuwa namfikiria mwalimu yeyote wala somo lolote. Nilikuwa nafikiria lile dirisha.

Kwa hivyo bosi aliposema foleni ni haki, nilijua kuna kitu hakijakaa sawa, ila sikuwa na maneno. Maneno niliyapata kwa kusoma jinsi watu walivyoondoa lile kufuli.

*

Kuliondoa hakukuwa jambo la ushujaa. Kungekuwa hivyo, wangelifuta siku moja. Tatizo ni kwamba baada ya miaka, hakuna aliyejua kwa hakika kufuli lile linalinda nini. Kila aliyeandika kipande kipya alilitegemea kimyakimya, bila kuandika popote kwamba analitegemea. Tena lilikuwa na tabia za ajabu: aliyelishika angeweza kulishika tena juu ya lile alilo nalo, na akilala usingizi kerneli inamnyang'anya, kisha akiamka inamrudishia. Ukilitoa hivi hivi, kitu kitavunjika mahali usipopatazama, labda baada ya wiki tatu, usiku, kwenye mashine ya mtu mwingine.

Basi wakafanya kazi ya kuchosha. Walilitoa kwenye lango kuu wakalisogeza ndani, chumba kwa chumba. Kila chumba wakauliza: hapa panalindwa nini hasa? Penye jibu wakaweka kufuli dogo la chumba hicho. Pasipo na cha kulinda wakaacha wazi. FreeBSD walianza mradi wao mwaka 2000, na kufikia 2004 sehemu kubwa ya mtandao wao ilikuwa inakwenda bila Jitu. Kwa Linux, mabaki ya mwisho ya Kufuli Kubwa yaliondolewa kwenye toleo la 2.6.39, Mei 2011. Kutoka 1996 hadi 2011. Miaka 15 ya kuuliza swali lile lile: hili linalinda nini?

Mimi huwaza hilo kila nikisikia mtu anasema tuvunje taratibu zote za ofisi fulani kesho asubuhi. Namuelewa. Ila yule mama wa dirishani alikuwa analinda kitu pia: pesa za chuo zisiibwe, mtu asifanye mtihani kwa jina la mwingine. Kosa lilikuwa kulinda vitu kumi tofauti kwa muhuri mmoja.

Na kufuli dogo dogo si mbingu. Ukiwa na mengi, yanaleta ugomvi wa aina yake. Mimi nimeshika la chumba cha kwanza nangoja la pili. Wewe umeshika la pili unangoja la kwanza. Hakuna atakayeachia. Tutasimama hapo mpaka mtu azime mashine. Dawa yake ni kukubaliana mapema kwamba kila mtu atachukua makufuli kwa mpangilio uleule. Ambaye amewahi kuona wazee wa ukoo wakikwama kwenye kesi ya shamba, huyu hatii sahihi mpaka yule atie kwanza, hahitaji maelezo zaidi.

*

Lakini kwa jedwali la njia, hata kufuli dogo halikutosha. Kumbuka: wasomaji ni maelfu kwa maelfu kila sekunde, wanaobadilisha ni wachache. Ukiweka kufuli moja tu kwenye jedwali, kila pakiti bado inasimama kidogo mlangoni, na viini vinane vitafanya kazi kama kimoja kilichochoka.

Jibu linaitwa RCU, yaani soma, nakili, sasisha. Kabla ya Linux wazo hilo lilitumika katika mfumo wa kampuni ya Sequent, ambako Paul McKenney na Jack Slingwine walilifanyia kazi, na Linux ikalipokea mwaka 2002. Linavyofanya kazi ni hivi.

Anayesoma hachukui kufuli. Anaingia, anasoma, anatoka. Anayetaka kubadilisha hagusi kile kinachosomwa. Anatengeneza nakila pembeni, anaibadilisha hiyo, na ikishakamilika anageuza kibao kimoja tu mlangoni: kuanzia sasa, anayeingia aelekee huku. Kugeuza huko ni tendo moja lisilo na nusu. Hakuna atakayeona kibao kikiwa katikati.

Waliokuwa wameshaingia kwenye ile ya zamani je? Hawafukuzwi. Wanamalizia kusoma walichokuwa wanasoma. Na hapa ndipo penye utu wa jambo lenyewe: aliyebadilisha haruhusiwi kubomoa ya zamani mpaka wa mwisho kati ya hao atoke. Anasubiri. Muda huo mimi nauita muda wa hisani.

Ukitazama vizuri, kusubiri hakujaondoka duniani. Kumehama tu. Zamani alisubiri anayepita. Sasa anasubiri anayebadilisha. Mwenye mamlaka ya kugeuza ukweli ndiye anayebeba gharama ya kuugeuza, na aliyekuwa anapita zake hatozwi chochote.

Hilo ndilo jibu langu kwa bosi. Foleni ambayo kila mtu anasubiri inaonekana haki kwa sababu ni sawa kwa wote. Lakini ni sawa ya kijinga. Inamchukua aliyekuja kuangalia na aliyekuja kubadilisha, inawatoza bei moja, kisha inajisifu. Pale chuoni mimi nilikuwa msomaji. Sikutaka kugeuza chochote cha mtu. Nililipishwa siku tatu na karatasi mbili kwa kazi za watu wengine.

Lazima pia niseme ukweli kuhusu ile seva. Wenye sola walipita bila kusubiri kwa sababu kusoma kulikuwa huru. Ila kila ruta iliyorudi ilihitaji mlango mpya, anwani mpya, njia mpya, na hayo yote ni mabadiliko. Upande wa mabadiliko ya mtandao, kerneli yetu bado ilikuwa na kufuli moja la jumla, linaitwa RTNL, na hata amri yangu ya kuomba orodha ya njia ilienda kupanga foleni hapo hapo. Wahandisi wa Linux wanaendelea kulipunguza, kipande baada ya kipande. Kwa hivyo hata nyumba iliyokarabatiwa vizuri ina foleni mahali fulani. Swali la kuuliza ni nani yuko ndani yake. Usiku ule walikuwa ni wale wasio na betri.

*

Sasa kuna bei, na sitaki kuificha. Kwa muda mfupi, huyu anasoma ya zamani na yule anasoma mpya, wote wawili wakiamini wako sawa. Tumekubali kwamba mtu atembee kwenye ukweli uliokwisha kubadilika. Hiyo ni sawa kweli?

Kwa njia za pakiti, ndiyo. Kwanza, jedwali lenyewe halijawahi kuwa la leo. Waya ukikatika mbali, habari hufika kwako baadaye. Hata ungefunga dunia nzima kwa kufuli, ungekuwa unalinda habari iliyochelewa. Pili, pakiti iliyoelekezwa vibaya kwa kawaida hupotea tu, na aliyeituma asipopata jibu huituma tena. Mtandao ulijengwa ukitarajia upotevu.

Lakini si kila kitu kiko hivyo. Salio lako la M-Pesa haliwezi kusomwa la zamani wakati wa kutoa pesa, la sivyo shilingi ile ile italipa fare mara mbili. Hospitalini, nesi wa zamu ya usiku hawezi kutumia karatasi ya dawa ya asubuhi kwa sababu alianza kuisoma kabla daktari hajaibadilisha. Hapo tunataka kufuli, na tunataka watu wasubiri.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii, na niliipata kwa shida. Unaweza kumwacha mtu kwenye ukweli wa zamani ikiwa madhara yake ni madogo, yanarekebishika, na muda huo una mwisho. La sivyo, usijiite mpole.

*

Nilisema niliipata kwa shida. Ni kuhusu Shosho.

Mimi nina jina la marehemu mume wake, kwa hivyo tangu nikiwa mtoto huniita mzee wake. Nilipoacha chuo nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Mama alinyamaza sana, kisha akasema, "Shosho wacha kwanza. Ana presha. Tutamwambia polepole." Nikaona ni busara. Alikuwa ameshawaambia wenzake wa kanisa kwamba mzee wake anasomea kompyuta. Alikuwa katikati ya kusoma, si ndiyo? Mwache amalizie mstari.

Kila Jumapili akapiga simu. "Masomo yanaendaje, mzee wangu?"

"Yanaendelea vizuri, Shosho."

Na kila tarehe 5, malipo ya maziwa yakiingia, akanitumia shilingi 1,500. Za photocopy, alisema. Miezi 14.

Nilipoanza kusoma kuhusu RCU, jambo hili lilinifurahisha kupita kiasi. Nikajiambia: unaona? Hata kerneli inafanya hivi. Huu ni muda wa hisani. Mimi nimebadilisha maisha yangu, nimegeuza kibao, na yule aliyekuwa ameshaingia namwachia ya zamani mpaka atoke mwenyewe.

Halafu usiku mmoja nikasoma ile sehemu kwa makini na nikakaa kimya. Kwa sababu sheria ya RCU haisemi unaweza kumpa mtu ya zamani. Inasema aliyeingia kabla ya kibao kugeuzwa anaweza kumalizia. Anayeingia baada ya hapo lazima apewe mpya. Lazima. Bila hivyo muda wa hisani hauna mwisho, na kerneli inalijua hilo: msomaji akikwama ndani, kwa kawaida baada ya sekunde 21 inaanza kuandika malalamiko kwenye kumbukumbu zake, kwamba kuna mtu hapa hatoki na sisi hatuwezi kuendelea.

Shosho hakuwa amekwama ndani. Kila Jumapili alipopiga simu na kuuliza, alikuwa anaingia upya. Alisimama mlangoni akauliza njia iko wapi, nami kwa mkono wangu mwenyewe nikamwelekeza kwenye nyumba niliyokwisha kuihama. Wiki ya kwanza labda ilikuwa hisani. Jumapili zilizofuata, zote, zilikuwa uongo, na niliutamka kwa sauti ya mtu mpole.

Tena zile pesa. Pakiti ikipelekwa kwa njia iliyokufa, hupotea, na angalau hakuna anayefaidika. Za Shosho hazikupotea. Zilifika. Nilikula nazo chapo, nikaongeza kwenye rent ya keja, mara mbili nilinunua bundles. Hesabu ni rahisi: shilingi 21,000.

Nilimpigia Jumapili, mwezi wa tano mwaka huu, kabla hajanipigia. Nikamwambia yote bila kuzunguka. Kwa upande wake nilisikia kuku, na mlango wa mabati ukibamizwa na upepo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na zile pesa?"

"Nilizila, Shosho."

Akakaa. Kisha akasema, bila hasira, jambo ambalo bado sijapata pa kuliweka: "Ungeniambia, ningekutumia za chakula. Mimi nilikuwa natuma za shule."

Akakata simu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa presha yake, kwa machozi, kwa matusi hata. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilidhani namlinda na habari mbaya. Kumbe nilichomnyima ni nafasi ya kuamua mwenyewe, akiwa na jedwali sahihi mbele yake, maziwa yake yaende wapi. Na angeamua kunipa. Hilo ndilo linaloniuma.

Tarehe 5 ya mwezi wa sita nilimtumia shilingi 1,500. Zikarudi jioni ile ile, bila ujumbe. Mwezi wa saba nikatuma tena. Hizo hazikurudi, ila simu haikulia. Jumapili huwa naweka simu juu ya meza, skrini ikitazama juu, naendelea na kazi yangu ya kuandika.

Mama anasema nimpigie tena, nimwombe tena, nimharakishe. Nimekataa. Shosho anasoma ukweli mpya kwa mwendo wake, na ana haki hiyo. Mimi ndiye niliyebadilisha njia. Mimi ndiye wa kusubiri.